Ramu ya Miaka Minane, Mvua ya Tukuyu

Kimpumu hakina glasi. Mgeni anayeingia kilabuni Tukuyu hulijua hilo kabla hajapewa kiti. Chungu, au siku hizi ndoo ndogo ya plastiki, huwekwa katikati ya watu wanne watano, kimejaa ulezi uliooteshwa, ukasagwa, ukachachuka hadi ukawa rojo zito. Mama muuza huja na birika, akamimina maji ya moto, kila mmoja akatumbukiza mrija wake, na mazungumzo yakaanza. Maji yakishuka, birika linarudi. Duru ya kwanza hupanda kichwani, ya pili ndiyo tamu, na ikifika ya nne mnavuta maji ya uvuguvugu yaliyopita tu karibu na ulezi. Hata hivyo hakuna anayenyanyuka. Wala hakuna anayeweza kusema amekunywa kiasi gani, maana chombo ni kimoja. Mashavu peke yake ndiyo hushtaki: ukivuta kwa pupa yanabonyea, jirani yako anayaona, halafu anatazama pembeni kwa adabu.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la namna hiyo, mkoba miguuni, na ndani ya mkoba kuna chupa iliyo kinyume cha yote hayo. Ramu ya Mauritius, imetengenezwa kwa molasi, imelazwa miaka 8 kwenye mapipa ya mwaloni. Mfanyakazi mwenzangu alirudi nayo kutoka Port Louis, akanipa kama shukrani ya jambo ambalo sasa hata silikumbuki vizuri. Kwa muda mrefu ilikaa juu ya kabati Dar es Salaam, kwa sababu ni kinywaji kinachokufanya ujiulize unywe na nani. Nilipopata safari ya kwenda kumwamkia Mwalimu wangu, jibu likapatikana.

Mwalimu alitufundisha jiografia na historia Kilwa Masoko, enzi ambazo Serikali ilimchukua mtu wa milimani ikampeleka pwani na wa pwani ikampeleka milimani, bila kumuuliza kama anapenda samaki. Alipostaafu alirudi kwao, wilayani Rungwe, kijiji kilicho njia ya kwenda Ziwa Masoko. Alikuwa akitutania darasani kwamba yeye ametoka Masoko kuja Masoko, na kwamba Masoko yao haina bahari ila ina ziwa ndani ya mlima. Hatukumwamini. Tulidhani walimu wote wa bara wana chumvi nyingi.

Kutoka Uyole barabara ya kwenda Malawi inapanda, na baridi inaingia garini bila hodi. Isongole magunia ya viazi yamepangwa kando ya lami, wauzaji wamejifunga mablanketi. Kushoto ni mlima Rungwe, karibu mita 3,000, ambao kwa siku zote nilizokaa huko ulijionyesha mabega tu, kichwa kikiwa mawinguni. Katika msitu wake ndimo anamoishi kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza ulimwenguni mwaka 2005, ilhali wawindaji wa hapa walikuwa na jina lake siku nyingi. Kulia, ndani ya msitu mwingine, limejificha ziwa la Ngosi. Sikulipandia. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ya Rungwe haina mzaha: huanza asubuhi taratibu, na saa kumi jioni bado haijamaliza ilichokusudia kusema.

Kiwira ndiko macho yanakoshiba. Mtu wa pwani huijua ndizi kama kitu cha pembeni: mbivu zilizopikwa kwa nazi wakati wa futari, au mbichi chache ndani ya mchuzi wa samaki. Kiwira ndizi ndiyo habari yenyewe. Mikungu imelala chini mamia kwa mamia, malori yanayokwenda Dar es Salaam yanajazwa hadi turubai linakataa kufunga, na akina mama wanaichambua aina kwa aina huku mimi nikiona kijani kitupu. Mmoja alinionea huruma. "Mwanangu, hii ya kupika, hii ya kuchoma, hii ukimpa mgeni atarudi." Nikanunua ya mgeni kurudi. "Ndaga fijo," akaniambia, nami nikaijibu vivyo hivyo, nikafurahi kupita kiasi kwamba nimeelewana na mtu kwa lugha yake.

Daraja la Mungu nililiona kwa haraka, upinde wa jiwe la volkano juu ya mto Kiwira, na Kijungu, pale mto unapozama ardhini na kutokea mbele kana kwamba umekwenda kuulizia kitu. Kuna watu wanaosafiri mbali kwa ajili ya vitu hivyo viwili tu, na hawakosei. Mimi nilikuwa na mzee wa kumwona na chupa ya kukabidhi.

Nyumba ya Mwalimu imezungukwa na migomba hadi dirishani. Nilipiga magoti nusu nikasema "Shikamoo, Mwalimu," akanijibu "Marahaba, kijana," kisha akanichunguza kuanzia viatu. Viatu havikumridhisha. Aliagiza niletewe mabuti ya mvua. Mkewe, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Mama na bado tunamwita hivyo, alitayarisha mbalaga: ndizi zilizopikwa na maharage hadi zikalainika, pembeni bakuli la maziwa mgando. Nilitafuta tui la nazi kwa ulimi, kama inavyotokea kwa mtu wa kwetu kila anapoona kitu kizito kwenye sahani, nikakuta maziwa yanafanya kazi ileile, ila kwa uchachu. Huku ng'ombe ndiye mnazi.

Baada ya chakula niliitoa chupa. Mama ni Mmoraviani wa wale wasioyumba. Misheni ya Rungwe ilianzishwa mwaka 1891, na kwao wamekuwamo kanisani tangu bibi zake. Hanywi, na nyumbani mwake pombe kali haijapata kupewa kiti. Nilieleza kwamba hii ni zawadi, imetoka mbali. Akasema ameona, zawadi haikataliwi, na yeye atainusa tu ili ajue mumewe anawekewa nini.

Akainusa. Akainusa tena, paji la uso likiwa limekunjamana. "Mbona hii ni chakula cha ng'ombe?"

Nilidhani ni tusi. Kumbe ulikuwa uchunguzi. Alichukua tochi akanipeleka bandani, mvua ikipiga bati juu yetu, ng'ombe wawili wa maziwa wakitutazama kwa dharau. Pembeni palikuwa na dumu la molasi, nyeusi, nzito, inayotiririka kwa uvivu. Huinunua Tukuyu mjini kwenye duka la pembejeo, akaichanganya na maji na kuinyunyizia mabua makavu ya mahindi na maganda ya ndizi, ili ng'ombe wasichague chakula. Rungwe ni wilaya ya maziwa, na wafugaji wengi wa ndani hufanya hivyo. Alinitaka nichovye kidole. Ladha ya kwanza ilikuwa utamu mkali, ya pili uchungu wa sukari iliyoungua, ya tatu kitu cha chumvichumvi kilichoganda ulimini kama chuma. Nilirudi ndani nikamimina ramu kidogo kwenye kikombe cha chai, maana glasi zote zilikuwa na maua na Mama hakutaka zitumike kwa kazi hiyo. Mle chini kabisa, ladha nyingine zikishapita, uchungu uleule wa bandani ulikuwa unangoja.

Nilikuwa nimesoma maelezo ya kwenye lebo na mengine mengi kabla ya safari, na sikuwa nimepata mahali popote palipoieleza ramu vizuri kuliko yule ng'ombe.

Tuseme basi ilivyo. Muwa ukikamuliwa, maji yake huchemshwa hadi sukari ikajitenga kwa chembe. Kinachobaki, kile kisichokubali tena kutoa sukari, ndiyo molasi. Visiwani waligundua zamani kwamba masalia hayo yakiongezwa maji na hamira yanachacha kwa siku chache, na yakipikwa mvuke wake ukakusanywa, hutoka kinywaji cheupe kinachochoma koo. Hapo bado si kitu cha kujivunia. Ni ndugu wa gongo. Kinachobadilisha mambo ni pipa. Mbao za mwaloni huunguzwa kwa ndani, kinywaji kinalazwa humo, na mwaka hadi mwaka joto linakisukuma ndani ya mbao na kukirudisha, kikitoka na rangi na harufu. Ile yetu ilinukia sukari guru, ganda la chungwa lililokaushwa, na mbao mpya kwenye karakana ya seremala. Mdomoni ilianza kwa ukarimu, ikapita ndizi iliyoiva hadi kuanza kuwa nyeusi, kisha ikakauka ghafla, na hapo ndipo molasi ilipojitambulisha.

Nilimweleza Mwalimu kwamba pipa haliwi salama kabisa. Sehemu ya kinywaji hupotea hewani kupitia mbao. Kwenye baridi ya Scotland hupotea kama asilimia 2 kwa mwaka, na visiwa vya joto hupoteza mara kadhaa zaidi. Wenye viwanda husema hilo ni fungu la malaika.

"Malaika gani hao?" Mama aliuliza kutoka jikoni. "Malaika hawanywi. Hao ni walinzi wa ghala."

Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Halafu akafanya jambo lililonishtua. Alivuta chupa ya chai, akamimina maji ya moto ndani ya kikombe chake, nusu kwa nusu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu hakusubiri hata kusifiwa. Moyoni nilimlaumu, mtu amelinda kinywaji miaka 8 kikolee, wewe unakizimua kwa sekunde moja. Kisha nikasikia harufu. Maji ya moto yaliifungua ile ramu namna ambayo kikombe changu kikavu hakikuweza: chungwa lilitoka, karafuu ikatoka, na katika baridi ile ya Rungwe, na mvua ile, mvuke uliopanda ulikuwa na adabu zaidi kuliko ukali niliokuwa nikiung'ang'ania. Nikasogeza kikombe changu. Akanimiminia bila neno. Yeye alikuwa anafanya tu kinachofanyiwa kimpumu, na sioni kwa nini Mauritius wapewe heshima tofauti.

Kwetu Kilwa kinywaji hakina subira. Tembo la mnazi likigemwa alfajiri ni tamu, mchana linauma, jioni linagombanisha watu, na kesho yake ni siki ya kutilia achari. Hata uraka wa mabibo, ambao watu wa kusini tunaungoja mwaka mzima, msimu wake ukipita umepita. Kimpumu nacho ni hivyo: huandaliwa kwa siku, hunywewa kwa jioni. Katika nchi yetu sijui mahali ambapo pombe ya kienyeji huongezewa thamani kwa kuachwa. Ikikaa, imeharibika. Wazo la kwamba mtu afungie kinywaji ghalani, mtoto azaliwe, aanze shule, afike darasa la pili, ndipo afungue, lilimfanya Mwalimu atikise kichwa. "Huyo mtu hana majirani," alisema.

Lakini yeye ni mwalimu wa historia, na kikombe cha pili kilimrudisha darasani. Aliniuliza kama nakumbuka mwaka 1776. Nilikumbuka, alitufundisha kwa kuugonga ubaoni. Mwaka huo mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mashua zilikuwa zikielekea visiwa vya Wafaransa, Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Huko kulikuwa na mashamba, na miwa ilizidi kuenea ndani yake. Waingereza walikiteka kisiwa cha kwanza mwaka 1810, utumwa ukakomeshwa rasmi mwaka 1835, na nafasi ya waliokuwa watumwa ikajazwa na vibarua wa mkataba kutoka India. Mlima wa Le Morne, walikojificha waliotoroka mashamba, umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Wazao wa watu waliopandishwa mashua pwani yetu na pwani ya Msumbiji bado wako kule, wanacheza sega na kuzungumza Krioli.

Lebo ya chupa ilikuwa na meli. Meli nzuri, matanga yamejaa upepo, imechorwa kwa rangi ya dhahabu. Mwalimu aliigeuza chupa kwenye mwanga wa taa akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayesahihisha insha, "Huyu aliyechora anajua ilikuwa imebeba nini?" Mimi ni mtoto wa Kilwa. Nimekulia umbali wa kupiga makasia tu kutoka magofu ya Kisiwani, na chupa nimeibeba mwenyewe hadi hapo, na sikuwa nimeitazama ile meli hata mara moja. Haikuifanya ramu iwe mbaya. Iliifanya iwe na watu wengi zaidi ndani yake kuliko miaka 8 inavyoweza kueleza.

Asubuhi yake mvua ilipumzika na tukatembea kuelekea ziwani. Pande zote ni chai iliyopunguzwa sawasawa, halafu migomba, halafu parachichi. Parachichi limekuja kwa kishindo. Ile aina ya Hass, yenye ganda la chunusi, inanunuliwa na wasafirishaji wanaoipeleka Ulaya, na mtu mwenye miti michache iliyokubali ana nyumba ya bati jipya. Njiani Mwalimu alinionyesha kiwanja kilichogeuka shamba la mtu. "Hapa tulijenga," akasema.

Zamani Wanyakyusa, wenyeji wa huku, walikuwa na desturi ambayo haikuwa na mfano mwingi duniani. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi, kumi na mmoja, aliondoka nyumba ya baba yake akaenda kulala na wenzake wa rika moja katika vibanda walivyojenga wenyewe kando ya kijiji. Mchana walichunga, na chakula walikula kwa kuzunguka kwa mama wa huyu na mama wa yule, kundi zima. Walipokua walioa wakiwa humohumo, na kile kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima, majirani wote wakiwa wamezaliwa karibu miaka ileile. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938, waliistaajabia sana; Monica alikuja kuichapishia kitabu mwaka 1951. Sababu mojawapo ilikuwa heshima ya ukwe: mkamwana na baba mkwe hawakupaswa kukutana hata njiani, na mwanamke akimwona mkwe wake kwa mbali alikata vichakani. Rika likiwa na kijiji chake, kila mtu anapumua.

Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa na ile chupa kichwani bado. Kuna watu waliochukua kinywaji kibichi wakakifungia pamoja kwa miaka ili kikolee. Hawa walichukua watoto. Waliwaweka pamoja, wakawaacha wagombane, wapatane, wapeane ladha, na kilichotoka ni wazee wanaojuana hadi namna ya kukohoa. Kama kuna kitu Rungwe imewahi kukizeesha kwa makusudi, ni ujirani.

Mwalimu hakukubali niipambe mno. Alisema vibanda vile vilikuwa na viroboto, na wakubwa waliwapiga wadogo. Alisema pia kwamba rika lake lilikuwa la mwishomwisho. Vijana walishaanza kukimbilia dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini tangu kabla hajazaliwa, na aliyerudi na fedha hakutaka kuzigawa kwa rika. Halafu ikaja kahawa na chai. Zao la kudumu lina mwenyewe. Huwezi kuhamisha kijiji kila kizazi wakati miti yako imesimama pale inangoja kuchumwa. Sasa parachichi limefunga hesabu.

Kule ziwani maji ni ya kijani, yametulia ndani ya ukuta wa mlima, na juu limesimama jengo la mawe la enzi za Wajerumani, waliokuwa na makao yao Tukuyu wakapaita Neu Langenburg. Wenyeji husimulia kwamba walipokimbia vita walitupa fedha zao majini. Kijana mmoja alinionyesha sarafu ya kutu, akitaka bei ambayo Kaizari mwenyewe asingelipa. Mwalimu alimsalimia kwa jina la babu yake, bei ikashuka, bado sikununua.

Kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na hapo, vijana walikuwa wanangoja abiria, na wawili watatu kati yao walikuwa na kichupa kidogo cha pombe kali mfukoni. Zamani ingekuwa kiroba. Serikali ilipiga marufuku pombe za mifuko ya plastiki kuanzia Machi 1, 2017, na chupa ndogo zikachukua nafasi. Pombe kali nyingi za viwandani hapa nchini, Konyagi ikiwamo, hutokana na molasi hiyohiyo ya viwanda vya sukari. Hivyo molasi inafika Rungwe kwa njia mbili, ya bandani na ya mfukoni, na nikiangalia afya ya ng'ombe wa Mama najua ni ipi inayotumika vizuri zaidi. Kuhusu gongo sikuuliza. Sheria ya mwaka 1966 inaikataza, na mgeni mwenye busara haulizi habari za moshi mahali asipojua moto uko wapi. Kilichonigusa zaidi ya ukali wa vile vichupa ni namna vinavyonywewa: kila mmoja anageuka pembeni, anapiga funda, anafunga kifuniko, anarudi kwenye mazungumzo. Hakuna anayeona mashavu ya mwenzake.

Lakini nisiwaonee. Wale vijana wana chama chao cha kuwekeana akiba, wanazikana, na mmoja akipata ajali wote wanazima pikipiki wanakwenda hospitali. Mwalimu ndiye aliyenieleza hayo, kwa sauti ya mtu aliyeshangaa kuyaona. Rika limehama vibandani, limeota kijiweni. Kichupa tu ndicho hakijajifunza.

Siku ya kuniaga Mwalimu aliita wenzake. Walikuja wazee watano na fimbo zao, wakakaa migombani nyuma ya nyumba, mbali ya kutosha na macho ya Mama lakini karibu ya kutosha na birika lake. Ndoo ya kimpumu ililetwa kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuiamini chupa peke yake. Nilitoa hotuba fupi juu ya Mauritius, mapipa, mwaloni, na ile meli. Walisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha mmoja akauliza kifuniko kiko wapi.

Kifuniko ndicho kilichokuwa kipimo. Kila mzee kifuniko kimoja, kwa mzunguko, kuanzia kushoto, na aliyemimina akanywa wa mwisho. Walipima kwa jicho kali la watu waliowahi kugawana kuku mmoja wakiwa watoto kumi. Kifuniko kikiwa hakikujaa sawasawa kulikuwa na rufaa. Mmoja alisema inanukia dawa ya kikohozi ya misheni, mwingine akasema hapana, inanukia ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akashikilia hivyo hadi tulipomkubalia. Walichanganya na maji ya moto, wote. Mzunguko ulirudi na kurudi, na ramu iliyoanza kulala pipani kabla sijahamia nyumba ninayokaa sasa ilikwisha kabla mvua ya alasiri haijaanza.

Mkubwa kati yao, ambaye alikuwa amekaa kimya akivuta kimpumu chake, aliichukua chupa tupu akataka kujua bei yake. Nilisema sikuinunua mimi, lakini nikakadiria. Akafunga macho kupiga hesabu kwa ndoo. Zilikuwa nyingi, wenzake walimsaidia kuhakikisha, wakabishana juu ya bei ya ulezi ya mwaka huu na ya mwaka jana.

"Na bei imepanda kwa sababu ya kukaa?" aliniuliza.

"Ndiyo, babu. Kadiri inavyokaa."

"Basi mwakani tuletee ya mwaka mmoja," akasema. "Uje nazo nane."